Miaka Iliyobaki kwenye Fleti ya Thadei

Thadei Kapinga alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja ya mashariki ya London, na mimi nilikuwa nikisukuma pamoja naye. Kazi yetu ilikuwa kumtoa mtu wodini na kumpeleka anakotakiwa: eksirei, chumba cha upasuaji, na wale ambao hawakuwa na haraka tena, mochari. Alikuwa mtu wa Mbinga, mfupi, mwenye mabega mapana. Alipenda kusema kwamba amebeba Waingereza wengi kuliko basi lolote la mji huu, na bila kumtoza mtu nauli.

Kila aliyefanya kazi naye alijua anachokitaka. Alitaka akifika umri wa pensheni arudi Mbinga na mke wake Winifrida, wakae katika nyumba waliyokuwa wakiijenga kule chumba baada ya chumba, na wasimwombe mtu kitu. Winifrida alikuwa akitunza wazee majumbani kwao, akiwaogesha na kuwalisha, na mama yake mwenyewe alikuwa Mbinga akiogeshwa na watoto wa jirani. Lakini pensheni ya Thadei ingekuwa ndogo, maana miaka yake ya mwanzo hapa alifanya kazi bila karatasi. Kwa hiyo alitaka nyumba ya kupangisha London, nyumba ambayo ingeendelea kufanya kazi yeye akiwa amepumzika.

"Wameutumia mgongo wangu," alituambia. "Sasa nataka mmoja wao aninunulie sukari mpaka nife."

Mwuzaji wake, Alnashir, Thadei alimpata juu ya kitanda cha wagonjwa. Alikuwa anamsukuma mzee mmoja Mhindi kwenda kupigwa picha ya nyonga, gurudumu likaruka kwenye kizingiti cha lifti, na mzee akapiga kelele, "Taratibu bwana, unasukuma mtu au mkokoteni?" Kwa Kiswahili. Thadei alisimama pale pale kwenye lifti akacheka mpaka mlango ukajifunga na kufunguka tena. Kumbe mzee alizaliwa Songea. Baba yake alikuwa na duka mjini, na jengo la ghorofa moja alilokuwa akipangisha, mpaka mwaka wa sabini na moja serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha. Wakafunga mizigo. Thadei alimwambia kwamba duka lile analikumbuka. Sidhani kama alilikumbuka, lakini ndivyo mtu anavyomjibu mgonjwa.

Alnashir alikuwa na fleti kadhaa, na kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kumkataa, alikuwa akiziuza moja moja. Mojawapo ilikuwa Barking, vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya kwanza ya jengo la matofali mekundu, dakika chache kutoka kituoni. Bei yake ilikuwa chini ya fleti zote za mtaa ule. Thadei alikwenda kuitazama siku ya mapumziko, akanichukua na mimi. Alifungua mabomba, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akaruka kidogo sakafuni. Kila kitu kilikuwa kizima.

Wakati huo, mwaka wa 2004, yeye na Winifrida walikuwa na nusu ya bei. Ilikuwa akiba ya miaka yote, pamoja na fedha za kiwanja walichokuwa nacho Songea, ambacho walikiuza. Nusu ya pili akaenda kuikopa benki. Benki ikamtuma mtu akaiangalie fleti, halafu ikakataa. Msichana wa mezani alimweleza sababu: benki haikopeshi kwa fleti ile kwa sababu ya miaka yake.

Thadei alitoka pale akiwa amesikia jambo jingine kabisa.

"Fleti ina kosa gani?" alituuliza kwenye chumba chetu cha mapumziko, chai mkononi. "Ina kuta, ina maji, ina umeme. Miaka, miaka! Walichokiangalia ni uso huu hapa."

Tulimwamini wote. Hakuna hata mmoja katika chumba kile ambaye hakuwahi kunyimwa kitu katika mji huu na kupewa sababu isiyokuwa ndiyo sababu. Mwenzetu mmoja alikataliwa chumba cha kupanga kwa kuambiwa kimekwisha chukuliwa, na tangazo likabaki dirishani mwezi mzima. Kwa hiyo neno la yule msichana halikumwingia mtu. Tulikuwa tumeshazoea kupita nyuma ya maneno yao.

Alnashir alipopata habari hiyo alimwita nyumbani kwake Ilford. Thadei alinivuta niende naye, na kwa kuwa mimi si msemaji, nilikaa pembeni na kikombe changu. Nurjehan, mke wa Alnashir, alileta chai ya maziwa yenye iliki na sahani ya kachori.

"Nilijua watakataa," Alnashir alisema. "Bwana Thadei, nisikilize vizuri. Hapa unaponunua fleti hununui ardhi. Unanunua miaka ya kukaa. Wao wanaita lizi. Hii imebakiza miaka sitini na mmoja. Ndiyo maana bei yake iko chini. Ikiisha, fleti inarudi kwa mwenye ardhi."

Thadei akacheka. "Mzee Alnashir, unanitisha kwa miaka? Kiwanja changu cha Songea hati yake ilikuwa miaka thelathini na mitatu. Ya shemeji yangu Dar ni hivyo hivyo. Nani kwetu amewahi kutolewa kwa sababu hati imeisha? Unakwenda ardhi, unajaza karatasi, unalipa ada, unaongezewa."

"Kwetu mwenye ardhi ni serikali."

"Na hapa?"

"Hapa ni mtu. Humjui, hutamwona, na ana wajukuu wanaotaka kusoma shule za ghali. Huyo haongezi kwa ada ya mhuri. Na kila mwaka ukipita, bei yake ya kuongeza inapanda."

"Mimi nina miaka hamsini," Thadei alisema. "Sitini na mmoja ikiisha nitakuwa mavumbi. Waje wanihamishe kaburini."

"Si wewe unayehesabiwa. Ni nyumba." Alnashir alivunja kachori, akaiacha. "Baba yangu alikuwa na jengo la mawe, si la lizi, na hati ilikuwa kwenye kabati la chuma. Asubuhi moja redio ikasema si lake. Nakuuzia, kwa sababu nataka kuuza. Lakini usiseme sikukuambia."

"Hutasikia neno hilo mdomoni mwangu," Thadei akajibu.

Wakapatana. Kwa kuwa benki imekataa, Alnashir angembebea deni la ile nusu yeye mwenyewe. Thadei angemlipa kidogo kila mwezi kwa miaka kumi na mitano, na sehemu kubwa iliyobaki angeilipa kwa mkupuo mwisho. Fleti yenyewe ikawa dhamana. Kama mwisho ukifika na fedha hazipo, Alnashir alisema, utakwenda benki ukope za kunilipa mimi, ila lazima kwanza uongeze lizi. Wakili akaandika yote hayo. Thadei akatia sahihi kwa herufi zake kubwa za shule, akanunua kuku wawili, tukala kwake mimi na wengine wa kazini. Winifrida alihudumia, hakukaa.

"Mama Desi, kaa basi, leo umekuwa mwenye nyumba," Thadei alimwambia. Desi ni binti yao, Desideria, aliyezaliwa hapa.

"Mwenye nyumba wa Barking," alijibu akikusanya sahani. "Mimi nyumba yangu iko Mbinga, haina madirisha."

Miaka ya mwanzo ilikwenda vizuri kiasi cha kumfanya mtu awe na wivu. Mambo ya wapangaji aliyashughulikia Njoroge, Mkenya aliyekuwa na ofisi ndogo ya udalali Ilford. Wapangaji wa kwanza walikuwa mume na mke kutoka Ghana, wakimya, walipaji. Walipochelewa mara moja, Thadei alikwenda mwenyewe kudai, akarudi na sahani ya wali badala ya kodi. Njoroge alimcheka mpaka machozi.

"Nyinyi Watanzania bana! Unaenda kuitisha kodi kama mtu anaomba maji ya kunywa. 'Samahani, kama hamtajali.' Unakaribishwa chakula, unashiba, unasahau chenye kilikupeleka!"

"Walilipa kesho yake."

"Walilipa kwa sababu mimi niliwapigia simu, mzee."

Kodi ilitosha kumlipa Alnashir, na ilibaki kidogo. Halafu likaja suala la paa. Mwenye ardhi alitengeneza paa la jengo zima, na kila mwenye fleti akatakiwa kuchangia. Thadei alikuwa ghorofa ya kwanza, na juu yake kulikuwa na ghorofa tatu. "Paa lenyewe silioni hata nikitoa kichwa dirishani," alilalamika, lakini alilipa. Mwaka ule nyumba ya Mbinga ilikuwa bado haijaezekwa.

Ni baada ya paa ndipo Njoroge alipomshauri aongeze lizi. Alimwambia sasa sheria inamruhusu, na kwamba kwa wakati ule gharama ilikuwa bado ya kubebeka: ni kama mshahara wa miezi minane hivi.

"Nilipe mara mbili kitu nilichokwisha kununua?" Thadei aliuliza.

"Hujanunua, umekodi kwa muda mrefu. Si hiyo ndio nakuambia?"

"Njoroge, wewe unapata asilimia yako kwa kila kitu ninachofanya."

"Kwa hii sipati hata peni, mzee. Peleka kwa wakili wako."

Hakupeleka. Fedha alizokuwa nazo alizituma Mbinga, wakaezeka. Winifrida alionyesha picha ya bati jekundu kwa kila mtu, hata kwa wazee aliokuwa akiwaogesha. Sijui ni nani angemlaumu. Kwa mwanamke ambaye amengoja kiasi kile, bati ni bati. Miaka ni maneno ya wanasheria.

Muda ukapita. Kisha Alnashir alimpigia simu, tukiwa tumekaa nje ya hospitali kwenye benchi la wavuta sigara. Thadei aliweka sauti wazi ili na mimi nisikie.

"Bwana Thadei, nahamia Calgary kwa binti yangu. Vitu vyangu vyote nimeuza. Na deni lako nimeuza."

"Umeuza nini?"

"Deni. Kuna kampuni inanunua madeni ya nyumba. Sasa utawalipa wao. Masharti ni yale yale."

"Umeniuza kama gunia la mahindi?"

"Sikukuuza wewe. Deni linauzwa, rafiki yangu. Ulifikiri nilikubebea kwa ajili ya Songea tu? Nilikuwa nanunua uzee wangu, kama wewe unavyonunua wako." Kisha akauliza, "Umeongeza lizi?"

"Bado."

"Ongeza, Thadei," akasema. Hakuweka Bwana mbele. Simu ikakatika, na sijui kama waliongea tena.

Kampuni ile haikuwa na ubaya wa kusimulia. Haikumtukana, haikumsumbua. Ilikata fedha zake kila mwezi, na ulipobaki mwaka mmoja ilimkumbusha kwamba mwisho wa miaka kumi na mitano umekaribia, alipe kilichobaki chote au fleti iuzwe. Thadei alikuwa na miaka sitini na minne. Winifrida alikuwa ameshaaga familia mbili kati ya tatu alizokuwa akizitunza. Alikuwa amenunua mashuka ya kupeleka.

Akarudi benki. Si ile ya kwanza, nyingine. Nilimsindikiza kwa sababu aliogopa kwenda peke yake, ingawa alisema nimsindikize kwa kuwa njia yetu ni moja. Alivaa suti ya kanisani. Tuliitwa ndani, na aliyekuwa amekaa nyuma ya meza alikuwa mwanamke Mwafrika, mweusi kuliko sisi wawili, amesuka nywele vizuri. Aliliona jina la Kapinga, akatuuliza kama sisi ni Watanzania. Yeye alikuwa anaitwa Serah, wa kutoka Machakos. Thadei aliniangalia kwa furaha kama mtu ambaye ameshapata. Alikaa, akafungua kifungo cha koti.

Serah alimwuliza maswali, akaandika kwenye kompyuta, akasoma. Kisha akaiacha kompyuta na kuweka mikono yake miwili mezani.

"Mzee, lizi imebakisha miaka arobaini na sita."

"Ndiyo, mama. Lakini nyumba ni nzima. Sijawahi kukosa kulipa hata mwezi mmoja."

"Naona. Umelipa vizuri sana. Lakini hatuwezi kukopesha juu ya hii nyumba. Hakuna benki itaweza."

"Binti yangu," Thadei alisema, na sauti yake ikashuka, "wewe ni mtu wa kwetu. Niambie ukweli. Nani kakukataza? Ni wakubwa wako?"

Serah hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Mzee, hapa hapana mambo ya nani. Hata angekuja daktari, mzungu, na mshahara mara tano ya wako, na hii fleti, ningemwambia hivi hivi. Tunakopesha juu ya miaka. Hii miaka inaisha, na kila siku inapungua, na mtu wa kuinunua baadaye naye atakosa mkopo. Hukuambiwa hivi wakati wa kununua?"

Thadei aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akamshukuru, akasahau kofia. Nilimletea nje. Alikuwa amesimama mbele ya duka la simu, watu wakimpita pande zote mbili.

"Yule msichana wa kwanza," alisema. "Yule wa mwaka ule. Alikuwa ananiambia ukweli."

Aliipokea kofia, akaishika tu mkononi.

"Wote walikuwa wananiambia ukweli. Mhindi, Njoroge, hata mtoto wa benki. Hakuna hata mmoja aliyenidanganya. Sasa nimchukie nani?"

Kuongeza lizi wakati ule kungechukua mishahara yake ya zaidi ya miaka miwili bila kula wala kupanda basi. Njoroge aliijaribu fleti sokoni. Watu walikuja, wakaipenda, wakaenda benki zao, hawakurudi. Mwisho ikapelekwa mnadani, ambako wananunua wenye fedha taslimu, na wenye fedha taslimu wanajua kwa nini umefika pale. Aliyeinunua aliiongezea lizi, akaiuza tena kabla mwaka haujaisha, kwa faida ambayo Njoroge alinitajia mimi lakini hakumtajia Thadei. Kampuni ikachukua chake chote. Njoroge hakuchukua asilimia yake, na hilo nalitaja kwa sababu watu hupenda kuwasema madalali. Kilichomrudia Thadei, baada ya miaka kumi na mitano na kiwanja cha Songea, kingemlisha mtu Mbinga miaka miwili. Watu wawili, nusu yake.

Alikaa na Winifrida mezani, nami nilikuwepo kwa kuwa nilikuwa nimepeleka viazi. Nilitaka kuondoka. Winifrida alisema, "Kaa, shemeji. Mbele yako hatutapigana."

"Tungoje kidogo," Thadei alimwambia. "Nifanye kazi miaka mitatu zaidi. Wameniambia naweza kuendelea kama mgongo unakubali. Tujaze mfuko, halafu twende pamoja."

"Baba Desi, mama yangu ana miaka themanini na saba."

"Najua."

"Jana alimwita yule mtoto anayemwogesha kwa jina langu. Anafikiri ni mimi." Alikuwa anamenya viazi huku anaongea, maganda yakianguka marefu. "Sikukuomba fleti mimi. Ulisema itatulisha. Nikasema sawa, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unajua mambo."

"Nilikuwa sijui."

"Sasa ndiyo unasema?"

Desideria alikuwa amesimama mlangoni. Alisema kwa Kiingereza kwamba waje wakae kwake Ilford wote wawili, wasahau Mbinga, maana hapa kuna hospitali. Mama yake hakugeuka. "Nimewaogesha mama za watu miaka ishirini," alimjibu kwa Kiswahili. "Nakwenda kumwogesha wangu."

Akaenda. Thadei akabaki. Fedha za mnada alimpa zote, na kila mwezi anamtumia sehemu ya mshahara, kama tu alivyokuwa akituma zamani alipofika akiwa kijana. Kule uwanja wa ndege nilibeba begi la mashuka. Winifrida alimrekebisha mumewe kola, akamwuliza atakuja lini. Mwakani, Thadei akasema. Winifrida alichukua begi lake, akaingia upande wa abiria bila kugeuka nyuma.

Hiyo mwakani imeshapita, na nyingine. Mama yake Winifrida aliogeshwa na bintiye miezi mitano, akafa. Sasa Winifrida anakaa peke yake katika nyumba ya bati jekundu, na Thadei amepanga chumba Barking, kwa Mnigeria. Mgongo umeanza kumkataa. Vitanda vyenye watu wanene ananiachia mimi.

Juzi tulikuwa kwenye chumba cha mapumziko na simu ikalia. Alikuwa Winifrida. Nilisikia upande wa Thadei, na wa pili niliusikia pia, kwa sababu masikio yake si mazuri tena na anaipandisha sauti mpaka mwisho. Parokia inajenga ukumbi. Wajumbe wa kamati walikuwa wamekaa sebuleni kwake wakati huo huo, wakinywa chai. Wamemwandikia Thadei mchango mkubwa kuliko mtu mwingine yeyote wa kijiji.

"Kwa nini mimi?" aliuliza.

"Wananiuliza mume wangu anafanya nini huko uzee wote huu," Winifrida alisema, na aliiteremsha sauti ili wasimsikie. "Ungetaka niwaambie nini? Kwamba amebaki kusukuma vitanda? Niliwaambia unasimamia nyumba zako."

Redio ya ukutani ilikuwa inaita mtu wa kwenda wodi ya wazee, na ilikuwa zamu yake.

"Nyumba ngapi umewaambia?"

"Tatu."

Alisimama, akashika kiuno kwa mkono mmoja, akavuta pumzi.

"Waambie nitatuma," alisema, akaenda kuchukua kitanda.